Mnara Ndani ya Tone

Zuberi alipiga simu asubuhi, na hata shikamoo hakutoa.

"Dada, nimeharibu."

Sabra akaacha kumenya viazi. Mdogo wake huyo hata pikipiki ikimzimikia mlimani hutania kwanza.

Alikuwa amembeba abiria mgeni kutoka Lushoto mjini. Njiani mgeni alimwonyesha picha kwenye simu: ua la pinki lililomea mwambani, na kando yake kinyonga wa pembe mbili. Picha ya Sabra hiyo, ya juma lililopita. Mgeni akaikuza, akaikuza, mpaka likabaki tone moja la umande kwenye ncha ya ua. Ndani ya tone, kichwa chini miguu juu, ulisimama mnara wa kijani wa msikiti.

"Nikamwambia huo ni wetu, tuliupaka rangi juzi juzi kabla ya Ramadhani. Nilijivuna, dada. Ndipo begi likafunguka, nikaona vikapu vya wavu, vile vya wakamata vinyonga."

"Yuko wapi sasa?"

"Anakunywa chai kwa Mama Paskalina. Anamngoja mwenzake."

Mdomo uliponza kichwa, Sabra alitaka kumwambia. Lakini aliyeongea si Zuberi peke yake. Miaka miwili alikuwa akipiga picha za maua na wadudu kwa simu na kilenzi cha kukuzia alichokibana juu ya kamera yake, akiziweka mtandaoni, na hakuna siku aliyoandika jina la kijiji. Alijiona mjanja. Kumbe tone la maji limemsema.

Akajitupia khanga mabegani, akapanda mbio kati ya matuta ya kabichi. Palikuwa na mwamba mmoja tu wenye maua yale ulioelekeana na msikiti. Mtu yeyote mwenye macho angeufikia kwa robo saa.

Kinyonga alikuwa palepale, kwenye tawi lake la kila siku, jicho moja kwa Sabra, jingine kwa nzi. Sabra alijua kila punje ya ngozi yake, ila hakuwahi kumgusa. Mama yake alimlea kwa kumwambia kinyonga haguswi, akikushika ameshika na bahati yako. Kwa hiyo siku zote alisogeza lenzi, mwili ukabaki nyuma.

Sauti za wanaume zikasikika chini, kwenye kabichi.

Akasema bismillahi, akanyoosha mkono. Miguu ile ilimshika kidole kimoja kimoja, baridi na yenye nguvu kuliko alivyodhani. Akaufunika mkono kwa khanga na kushuka kwa njia pekee iliyokuwapo, akapishana nao.

"Habari za asubuhi, mama," alisema mwenye begi.

"Nzuri."

"Kuna mwamba wa maua huku, unaotazamana na msikiti?"

"Upo. Hapo juu tu."

Chini ya khanga, kinyonga alianza kupanda. Kiwiko. Bega. Kucha zikagusa shingo yake, na Sabra akauma meno mpaka taya likamuuma. Alitaka kupiga kelele na alitaka kumtemea mate mtu yule, na vyote viwili akavimeza.

"Mbona unatetemeka hivyo?"

"Homa."

"Pole sana, mama."

"Asante."

Wakapita. Sabra hakugeuka. Alipofika kwenye mfereji alikata kona, akazunguka kilima, akapanda upande wa pili mpaka ndani ya msitu ambako hata yeye hakuwa na njia. Hapo alikaa chini, akalia kidogo, kwa hofu na kwa hasira juu ya nafsi yake.

Kumtoa shingoni ilikuwa kazi. Alimbandua mguu mmoja, mwingine ukang'ang'ania, kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Mwishowe kinyonga akahamia kwenye tawi lenye maua meupe, akatulia, pembe zake zikipata jua. Sabra hakuwahi kumwona karibu hivyo, wala kwenye mwanga mzuri hivyo. Mkono ulitoa simu wenyewe. Lenzi akaibana.

Kisha akaona maua. Yalikuwa yamejaa umande, na ndani ya kila tone kulikuwa na bonde lote lililopinduka, na mfereji, na kilima alichozunguka.

Akabandua lenzi, akaitia simu mfukoni, akarudi kumalizia viazi.