Kundi A kwa Wote

Walimwita Kidole, maana alipoanza mafunzo ya kompyuta pale hospitalini aliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Mkuu wake, Fundi, alimfundisha taratibu. Kumbukumbu ya muda ni meza: umeme ukikatika, vilivyo juu yake vimekwenda. Diski ni kabati: kilichomo hubaki. Na hifadhidata ni majedwali ndani ya kabati, kila mgonjwa na mstari wake, kila mstari na namba yake.

"Ukiagiza, taja namba," alisema. "Mashine ni mtiifu, mwanangu, lakini haina huruma."

Asubuhi ile alitumwa kurekebisha kundi la damu la mzee mmoja, liwe A. Akaandika agizo, akabonyeza. Namba aliisahau.

Jedwali lote likageuka. A, A, A, juu hadi chini. Akachomoa waya ukutani, akidhani mashine itasahau. Akaiwasha tena. Zile A zilikuwa palepale. Kabati lilikwisha kufungwa.

Ndipo alipokumbuka. Shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa chumba cha upasuaji. Na shangazi ni kundi O.

Akisema, mafunzo yamekwisha. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini damu nzito kuliko maji, alijikuta anakimbilia benki ya damu, kuulizia mfuko wa shangazi.

"Mfuko wa shangazi yako umeshapelekwa, bibie," alisema mgawa damu dirishani. "Kompyuta imesema A."

"Hamkumpima?"

"Tangu hiyo mashine yenu ije, walioandikwa humo hatuwapimi tena. Si mlisema haikosei?"

Kidole aligeuka. Alipanda ngazi mbilimbili, akasukuma mlango wa upasuaji.

"Wewe, na viatu hivyo unakwenda wapi?" muuguzi akamzuia.

"Usimfungulie damu, dada. Shangazi si A. Nimeharibu mimi."

Mfuko ulishatundikwa, mpira wake umejaa wekundu hadi karibu na mkono wa shangazi. Muuguzi akaubana, akauchomoa. Wakampima upya. O.

Kidole akateleza ukutani hadi chini. Alingoja matusi. Muuguzi hakumtukana. Alichuchumaa mbele yake, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Tangu ubonyeze hicho kitu, nani mwingine kapewa damu?"