Bi Mlango Hajafika

Nyamazeni basi, sogeeni karibu ila nyamazeni, nyote mnaopiga domo humu kichwani mwangu, mama mzazi, na nyie mawifi, na wewe marehemu mume wangu uliyekuwa husemi neno mpaka ukohoe kwanza, kaeni chini mnipe nafasi, maana dole gumba langu liko juu ya kitufe na gari liko nje limefunguliwa nyuma, na maneno mawili yanawaka kwenye televisheni, la juu na la chini, herufi sizijui lakini nayajua kwa mahali yalipokaa, la juu ni kuendelea pale tulipoishia, la chini ni kuanza upya na kufuta yote, na mwenzangu kakaa ubavuni kwangu na mkoba mapajani kama abiria, ameshavalishwa viatu... “Mama mkubwa, vidonge vya asubuhi ni hivi vyeupe au vya njano?”... vyeupe, mwanangu, vya njano vya usiku, nampazia sauti huko chumbani, fundi friji huyu, mtoto wa mke mwenzangu huyu, niliyemwogesha kwa mikono yangu mamaye akiwa ofisini kupokea simu za watu, leo amekuja kumchukua mamaye akakae naye, na simlaumu, tangu siku ile mwenzangu alipofungua gesi akaenda zake kulala nilikosa la kubisha, ningebisha nini, na miguu yangu hii... “Huyu nani na huo mlango mgongoni?” ananiuliza mwenzangu, anakitazama kioo cha televisheni kwa mshangao uleule, na mimi namwambia huyo ni Bi Mlango, nyumba yao ilivunjwa yeye hayupo, akaokota mlango tu, sasa anatembea nao nchi nzima akitafuta watu wa nyumba hiyo walikohamia, “Maskini! Si autupe?” Ndivyo ulivyosema jana, “Jana nilikuwa wapi?” Hapa hapa, ulikaa hapo hapo... anacheka, anadhani namtania, ana kicheko kizuri bado, kile kile nilichokichukia alipoletwa hapa bibi harusi, nikawa nabamiza masufuria ili nisikisikie, na wewe mzee ukikohoa sebuleni, nyumba ina wake wawili, ulisema, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza, kweli, mzee, tulikuja kusikilizana sisi kwa sisi, wewe ukabaki na redio yako... nyamaza, nimesema... mashine hii ya michezo ya televisheni waliiacha watoto wa fundi friji walipokua, ikakaa chini ya meza inakula vumbi, siku ya mvua tukaiwasha kwa kuchoka, mimi nikashika padi, kile kidude cha vitufe, kwa kuwa vidole vyangu vimesuka vichwa vya watu maisha yangu yote, havikosei njia, yeye akavaa miwani akasoma, maana maneno yote yale ni ya Kizungu, yeye anasoma kisha ananigeuzia, na anageuza kwa mbwembwe, mpaka mawe yanakuwa na maneno, lakini kumaliza, hapo ndipo penye kazi, hatukuwahi kumaliza hata mchezo mmoja, ule wa askari tuliuacha kwa sababu mwenzangu alimwonea huruma mwizi, “Mwache akimbie, kwani kaiba kwako?”, nikamwacha akimbie, mchezo ukakwama pale pale mpaka leo, ule wa meli sijui nini, akasema wote hawa watazama, zima tusiwaone, tukazima, tukabaki na huyu wa mlango, na huyu tulimpenda, tulikuwa tunapika tukimsema, kalala wapi jana, kala nini, kama mtoto aliyesafiri... halafu mwenzangu akaanza kupotea, si ghafla, kwanza majina, kisha chumvi kwenye chai, kisha kila tukikaa ananiambia, “Usinianzishie kiunoni, hadithi ina kichwa,” namwambia kichwa tulikiona, mwenzangu, jana na juzi, ananuna, midomo imemtoka kama msichana, basi naanza upya, nyumba inavunjwa upya, mlango unaokotwa upya, na kila Bi Mlango akijigonga na mlango wake pale kwenye daraja jembamba yeye anacheka mpaka anashika mbavu, mimi nacheka naye, nishaona mara ngapi sijui, nacheka kwa kuwa anacheka... “Mama, usivue viatu, tunaondoka sasa hivi”... mwache avue, atavaa... ila siku moja alikuwa vizuri, siku nzima yuko vizuri, jina langu analo, la mzee analo, tukaendelea, tukaenda, tukaenda mpaka ikaonekana nyumba ina taa, na mtu kakaa ndani dirishani kainama, na nikamwona Bi Mlango anasimama, maneno yakatokea, nikasema soma, mwenzangu, anasemaje huyo wa ndani, anamjua au hamjui, na yeye akavua miwani akaniangalia usoni akasema, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeingia duka la watu, “Samahani dada, mwenye nyumba yupo?”... nikazima. Pale ndipo tulipoishia, neno la juu linanirudisha pale, dirishani, dakika chache tu zimebaki na anayeweza kunisomea yuko hapa, bado hapa, herufi hazijamtoka, akishapakiwa garini hadithi hii kwangu ni picha bubu, ndiyo maana tangu asubuhi nimesema leo namaliza, leo lazima nijue yule wa ndani anamtambua mwenziwe au anamwambia samahani dada... “Mama mkubwa, nguo za baridi ziko kwenye sanduku gani?”... la bluu, la bluu... lakini hebu, yule wa ndani ni nani hasa, maana safari ya kwanza, pale mwanzo mlango unapookotwa, mwenzangu alinisomea kwamba anayetafutwa ni mama yake Bi Mlango, nakumbuka vizuri, nililia, safari nyingine akasoma ni dada, nikasema ehee, sikusikia vizuri zamani, na juma hili, maneno yale yale, mahali pale pale chini ya kioo, akasoma taratibu na kidole hewani, “Anamtafuta mke mwenziwe,” nikamwuliza, hivyo ndivyo palivyoandikwa? akanitolea macho, “Sasa unadhani natunga?”... alitunga, bila shaka alitunga, mbumbumbu mimi nikala yote, na mwisho ulioandikwa na wenye mashine yao huko, mimi wa nini, haunijui, haujawahi kulala na sisi nyumba moja... “Nianzishie basi,” anasema mwenzangu, anagusa goti langu, na muda hautoshi, hatutafika hata penye daraja, injini imeshawashwa naisikia, dole gumba langu liko pale pale, lakini limeshuka, limekaa kwenye neno la chini, nabonyeza, nyumba inavunjwa upya... na nyie wa kichwani, mnaopenda kujua nani kapata nini, sikieni mwende zenu, mashine inaenda naye, na padi, na miwani, wajukuu watajua wenyewe, fundi friji amemrithi mama atakayemwuliza kila asubuhi jina lake, mkewe amerithi kicheko asichojua kinacheka nini, na mimi hapa nimerithi kitanda cha pili, nimekitandika leo, shuka la maua, mto upande wa ukutani anapopenda.