Siku Watu Mia Tisa Walipongoja Chooni

Raili Vainiola alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba akichora mabomba ya vyoo katika kiwanda cha meli cha Haapasalmi, na hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kazi yake akangoja jibu. Ukisema unachora meli za kitalii, watu wanasogeza kiti karibu. Ukisema unachora njia ya haja kubwa, wanakumbuka wameacha jiko linawaka.

Meli ya safari hii ilikuwa na sitaha ishirini, mabwawa saba, uwanja wa barafu, bustani ya miti halisi, na roboti la kumimina pombe lisilojua kumwambia mlevi basi. Vyoo vilikuwa elfu tatu, vyote vya kunyonya kwa hewa, na hewa hiyo ilitegemea pampu zilizokaa sitaha ya tano, kando ya barabara ya maduka.

Hapo ndipo Brent Halsey alipoweka kidole kwenye mchoro. Halsey alitumwa na wenye meli kutoka Miami, na kadi yake ilimtaja kuwa Mkuu wa Furaha.

"Hapa nataka baa ya shampeni," alisema.

"Hapo pana pampu," Raili akajibu.

"Pampu haihitaji mandhari, Raili."

"Na mgeni wako akishaimaliza hiyo shampeni, ataipeleka wapi?"

Mezani watu wawili walicheka, wakaacha walipoona Kettula, bosi wao, hacheki.

"Raili, hamisha pampu," Kettula alisema.

"Bomba litapinda mara tano."

"Basi lipinde."

Likapinda. Lakini Raili hakuwa mtu wa kununa bure. Aliandika barua ya kuomba jaribio: watu halisi, vyoo halisi, wote wavute maji kwa mpigo mmoja. Kettula alitia sahihi bila kusoma. Halsey aliposikia kwamba wafanyakazi wataleta na familia zao, alifurahi mno, akaagiza maputo.

Jumapili moja ya Mei wakaja watu mia tisa, waume, wake na wakwe. Walipanga foleni ya kahawa na maandazi ya iliki, kila mmoja akiacha hatua mbili nyuma ya mwenzake. Wazee watatu walipanda hadi sauna ya sitaha ya kumi na sita, chumba cha kukaa uchi utoke jasho, chenye dirisha la ukuta mzima, wakakuta joto la nyuzi sitini tu. Walitoka bado wamevaa soksi.

"Hii ni sebule," mmoja wao alisema.

Saa sita mchana kila mtu alikuwa ameingia chumba chake. Maagizo yalikuwa mafupi: king'ora kikilia bonyeza, usitoke mpaka choo kimeze. Kikalia. Wakabonyeza. Meli ikanguruma, ikakwama kama mtu aliyepaliwa, kisha kimya.

Raili alitazama kipimo cha hewa. Mshale umelala kwenye sifuri. Alihisi furaha ikimpanda kifuani, akaionea haya, lakini haikushuka.

Dakika kumi zikapita. Watu mia tisa walisimama vyooni, wakibonyeza tena na tena kwa adabu, bila hata kukohoa.

Halsey alikuwa akitembea ukumbini na viatu vyake vyeupe. "Hakuna lalamiko hata moja!" alisema. "Wamependa?"

"Hawa hawalalamiki hata wakizama," Kettula akajibu, jasho likimtoka.

Mlango mmoja ukafunguka. Akatoka Aune, mama yake Raili, bibi wa miaka themanini na tatu, mkoba kwapani.

"Raili! Choo chako kimegoma."

"Kimegoma vipi, mama?"

"Nakipa, kinanirudishia."

"Na jirani yako?"

"Sijamwuliza. Na yeye ana yake."

Ndipo maji yalipoanza kuchungulia chini ya milango, mlango baada ya mlango, yakaja taratibu mpaka kwenye viatu vyeupe. Halsey akaruka juu ya kiti. Familia zikatoka, zikashukuru kwa kahawa, zikaondoka zikitazama sakafu ili zisicheke mbele ya wenyeji.

Jumatatu iliamriwa pampu zirudishiwe chumba chao. Halsey, hata hivyo, hakutaka kuipoteza baa. Alitaka ukuta wa kioo: wageni wakae upande huu na glasi zao, pampu upande ule, zimulikwe kwa taa za rangi. Pangeitwa Moyo wa Meli.

"Watakunywa huku wakitazama—" Raili alianza.

"Usilitaje," Halsey alisema.

"Chumba umekipata," Kettula akamnong'oneza. "Nyamaza."

Raili akarudi kwenye mchoro wake. Bomba likanyooshwa. Jaribio la pili watu walivuta, vyoo vikameza vyote, na wakaenda zao bila neno, jambo ambalo huko Haapasalmi ni sifa kubwa.

Kisha Halsey akamletea Raili karatasi ya rangi za taa, achague yeye. Raili alikaa nayo wiki nzima. Alichagua samawati iliyofifia. Siku ya kuziwasha alishuka peke yake sitaha ya tano, akazikuta pampu zake zinang'aa, safi, mabomba yamenyooka kama alivyoyachora. Alijikasirikia kwa kuona ni pazuri. Kisha akaona alama ya kidole kwenye kioo, akavuta mkono wa sweta lake, akaifuta.