Bido Mbili za Papa Emile

Ile gari Carina ya Papa Emile ilishachemka mara tatu mu mwezi moja, na mara ya tatu ilichemkia mbele ya kanisa, batu banatoka misa, moshi inapanda sawa vile nyumba inaungua. Mutoto wake Aurore, ule anatumika ku biro, hakusema mingi. Alimuambia tu kama ikichemka tena, ataiuzisha ku mutu moja wa Bunyakiri mwenye kutafuta gari ya kubebea makala, mukaa ya kupikia. Papa Emile hakulala muzuri. Ile gari alikuwa nayo tangu Aurore angali anabebwa mu mugongo.

Basi ile samedi, siku ya Jumamosi, balipashwa kwenda Kalehe, ku bokilo, ni kusema ku bakwe. Guy, kijana yake, anataka kuoa Bintu, binti wa Papa Apollinaire. Pombe ya mingi ilishatangulia na kamio, ile lori, ikabakia tu kabido kamoja, kadumu kadogo ka kufungulia maneno. Ndani kulikuwa kasiksi, ile pombe yetu nyekundu ya ndizi. Maman Domitille, bibi yake na mama ya Guy, aliipika yeye mwenyewe, akaichuja mara mbili, akaitia mu bido ya manjano ya litre tano, akafunga kinywa na jani ya mugomba.

Asubui Papa Emile alifanya kazi yake vile Jacques mekanisiye alimufundisha. Motere baridi kwanza, baridi kabisa, unaweka mukono juu ya radiateri unasikia sawa jiwe ya asubui. Njo unafungua kifuniko. Kiisha unafungulia maji ya zamani itokee chini, na ile maji, jamani, ilikuwa sawa chai ya kuchemsha mara tatu. Miaka yote alikuwa anatia tu maji ya robine, maji ya bomba, sawa vile batu bengi mu Bukavu banafanya. Akasukula mpaka ikatoka safi, akafunga, akatia dawa nyekundu, ile Jacques anasema inakataza maji kuchemka mbio na chuma kuoza. Ile ilibakia akaichanganya na maji, akatia mu bido yake ya njia. Ya manjano, litre tano. Kifuniko yake ilipotea zamani. Akatazama vile bibi yake alifunga kasiksi, akaona ile ni akili muzuri, akakata jani, naye akafunga vile vile. Bido zote mbili zikapanda pamoja ndani ya gari.

Mu njia gari ilienda muzuri. Papa Emile alikuwa na mafua, pua imefunga kabisa, lakini roho inacheka. Jicho moja ku njia, jicho moja ku sindano ya joto. Aurore alikaa nyuma, naye anaitazama ile sindano juu ya bega ya baba yake. Ku Katana bakasimama kusalimia shangazi. Motere ilipopoa, Papa Emile akafungua kapo, ile boneti ya mbele, akaona mu kachupa ka pembeni ka radiateri maji imeshuka chini ya mustari. Akatwaa bido, akatoa jani, akaongeza nyekundu mpaka ku mustari, akarudisha jani. Na ile pua, hakunusa kitu.

Bakafika Kalehe, bakaingia ku nyumba ya Papa Apollinaire. Sasa, kwetu, mwenye kuleta pombe njo anaonja wa kwanza, mbele ya macho ya bote, ili bajue hakuna kitu kibaya ndani. Papa Apollinaire, muzee murefu wa maneno mafupi, akamupatia kopo. Papa Emile akamimina, akasimama, akaanza diskuru, hotuba juu ya familia mbili. Ile diskuru ilikuwa ndefu, na urefu wake njo ulimuponyesha. Maman Domitille akapata wakati ya kutazama mu kopo: hakuna hata povu moja. Kasiksi yake hailale vile. Akanyosha mukono, akafunika kopo.

"Papa Guy," akasema polepole, "hii haiko pombe. Hii ni ya kunywesha gari."

Papa Emile akatazama kopo, akatazama mulango, kule inje gari iko. Akaelewa yote mbili mara moja: kile yeye alikuwa karibu kukunywa, na kile gari ilishakunywa. Akaeleza yote, jani, mafua, Katana, sababu hakukuwa namna ya kuipamba. Guy alikuwa anatazama viatu vyake. Papa Apollinaire akatoka, batu bote nyuma yake. Bakafungua kapo, na harufu ya kasiksi ya moto ikajaa kiwanja. Muzee akainama, akanusa, akanyosha mugongo.

"Nani alileta hii pombe kutoka Bukavu?"

"Gari," Papa Emile akajibu, sauti ndogo.

"Basi mwenye kuleta ameonja wa kwanza, na iko muzima. Leteni ile bido ingine tukunywe."

Bakakunywa, sababu motere ilipashwa kupoa mbele ya kuguswa, na motere ya zamani haina haraka wakati batu bako na pombe. Kiisha bokilo bakakunja mikono ya mashati ya sikukuu, bakamwanga maji yote ya radiateri, bakasukula mara ine mpaka harufu ikaisha. Ikabakia kutia dawa. Papa Emile akatafuta bido yake, akakuta Aurore anaishika tayari, mu mukono ingine kachupa ka kukata ka kumiminia.

"Papa, haikuchemka," Aurore akasema.

"Hata kidogo."

"Ule mutu wa Bunyakiri nitamuambia atafute ingine. Lakini wewe utanitafutia kifuniko ya hii bido."

Akamimina, polepole, mpaka ku mustari.