Ruhusa ya Kumzika Mama

Mokeira aliapa kumlipizia kisasi Madam Benta siku ile ile alipofika kwao Migori akakuta kaburi la mama yake limeshafukiwa, na wanawake wa kanisa wanaosha masufuria.

Nani angemlaumu? Alikuwa mpishi mkuu wa Benta kule Homa Bay, kwenye biashara ya kupikia harusi na mikutano, na ruhusa ya kwenda kumzika mama aliiomba kwa adabu zote. Benta hata hakuinua macho kwenye simu. "Malizia harusi ya watu kwanza," alisema. "Marehemu haendi popote." Jameni! Mtu ana mdomo kama huo na bado anapumua. Mokeira alipakua wali wa harusi huku machozi yanamtoka, na Benta akamgombeza kwamba anawatia wageni kisirani.

Aliporudi kazini hakununa wala hakuacha kazi. Kwenye redio alimsikia mtaalamu mmoja akifundisha namna ya kupatana na bosi mgumu: jua anachopenda, usibishane naye. Mokeira akacheka peke yake jikoni. Haya, akasema, tutapatana. Tangu hapo akawa mtu wa "Ndiyo, Madam". Benta akisema kitunguu kimeungua, hata kama hakijaungua, Mokeira anaomba msamaha. Zamani alikuwa akimnong'oneza kabla hajajiaibisha, maana Benta alilelewa Nairobi na mengi ya huku hakuyajua. Sasa alimwacha tu. Benta akafurahi, akamsifu mbele ya wenzake: "Mnamwona Mokeira siku hizi? Amekuwa mtu." Wee, sifa ile ilimchoma kuliko matusi.

Ndipo ikaja kazi ya Migori. Kanisa la Waadventista, lile lile la marehemu mama yake, lilitafuta mtu wa kulisha kambi yao ya wiki nzima. Wazee walitaka kwanza kuonja mapishi, Jumapili mchana. Benta aliitaka kambi ile kwa roho yake yote. Angeipata hiyo, makanisa mengine yangemfuata.

"Nitawapa mumi," alisema. "Mumi wangu hana mpinzani. Nguruwe hawali, hilo nalijua."

Mokeira alikuwa Mwadventista tangu tumboni. Mumi ni kambare, yule samaki wa sharubu asiye na magamba, na Waadventista hawamli kama wasivyomla nguruwe. Hata mtoto wa shule ya Sabato anajua. Akafungua mdomo, kwa mazoea tu. "Madam, sisi kanisani kwetu..."

"Mokeira, mambo ya kanisa lako yaache getini. Hapa ni jikoni."

"Ndiyo, Madam."

Basi alimpika yule mumi! Nyanya zikaiva, dania ikanukia, vichwa vikabaki vizima kama Benta alivyotaka, na sharubu zake. Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, Mokeira akapanga masufuria mengine matatu aliyoyapika alfajiri, akamwambia dereva asiyaguse.

Jumapili hiyo, uwanjani pa kanisa kule Migori, Mzee Mosoti, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliombea chakula akafunua sufuria. Akalifunika tena polepole.

"Mama, hii ni nini?"

"Mumi, Mzee! Ametoka ziwani leo asubuhi."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wengine wakasonya. Viti vikaanza kusogezwa, na mzee mwingine akaanza kutafuta kofia yake. Uso ukamshuka Benta. Akamshika Mokeira mkono, akamvuta mpaka nyuma ya pikapu.

"Yawa! Wewe si ni wa kanisa hili hili? Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia niyaache getini."

Raha aliyoisikia hapo, haki ya Mungu, Mokeira alitamani iendelee mpaka jioni. Benta akashusha sauti. "Mokeira, nakusihi. Wewe unaonaje? Tufanye nini?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza anaonaje. Mokeira akavuta turubai. Maharagwe, mboga ya chinsaga, tilapia wa kukaanga mwenye magamba yaliyoparuliwa na mkono wake mwenyewe. Vyote bado vina joto. Angewaachaje na njaa watu waliomzikia mama? Benta akapeleka mkono haraka, lakini Mokeira akauweka wake juu ya kifuniko.

"Bado. Boma la mama ni lile, nyuma ya ua. Nenda ukanipe ruhusa yangu."

"Ruhusa gani?"

"Ya kumzika. Marehemu haendi popote, Madam. Utamkuta."

Benta akawatazama wazee waliokwisha kusimama, akautazama ule ua. Akaenda, visigino vinazama kwenye udongo, Mokeira nyuma yake. Kaburi lilikuwa bado jekundu, nyasi hazijaota.

"Mama," Benta akasema kwa sauti ndogo, "nimemruhusu Mokeira aje akuzike."

"Hajasikia."

Benta akarudia. Mokeira akatikisa kichwa. Mara ya tatu Benta alipaza sauti mpaka wanawake wa kanisa wakageuka kutazama, na sauti hiyo ikakatika katikati, akaanza kulia. Mokeira hakumbembeleza. Aliinama akachota udongo kwa mkono, akaumwaga kaburini, ule aliokuwa amekosa kuutupa. Kisha akapangusa mikono kwenye aproni, akaenda kupakua chakula.