Kilima cha Mbaruku

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya kivuko, nakwenda kisiwa kimoja cha Uholanzi kiitwacho Schiermonnikoog. Sijawahi kufika Uholanzi. Hata Arusha sijafika, na mwaka huu nimetimiza miaka sitini na mbili. Lakini katika ndoto nilikuwa nimevaa baibui langu la sikukuu, kapu la vitumbua mapajani, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwanza niseme kilichotangulia, maana ndoto haziji bure. Jana jioni nilimpigia simu mdogo wangu Mbaruku, anayekaa Muheza. Nilimwambia ninachomwambia kila nikimpigia: karibu nyumbani, siku yoyote. Naye akajibu anachojibu kila mara: nimeshakaribia, dada. Kutoka Muheza mpaka kwangu Tanga mjini ni mwendo wa saa moja. Ana miaka sita hajakanyaga kwangu. Tukaagana vizuri, kama tunavyoagana siku zote, nikalala.

Basi, kivuko. Kinakwenda polepole kwa sababu bahari haipo. Imetoka. Chini yetu ni tope tupu linalong'aa mpaka upeo wa macho, na kivuko kinajikokota juu yake bila kulalamika. Namuuliza nahodha bahari imekwenda wapi. Ananionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bahari hutoka saa tano na dakika nane, hurudi saa kumi na moja na dakika ishirini.

"Ukiwa na shida nayo," ananiambia, "iandikie barua."

Bango la jina la kisiwa lilikuwa refu mno. Nilianza kulisoma bandarini, nikalimaliza nikiwa nimeshafika kijijini. Huko mgeni hapewi gari, hupewa baiskeli. Yangu ilinitazama toka kichwani mpaka miguuni, ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Ikaniambia basi nikae na nisijitie kujua, maana wageni wengi wakishika usukani hudhani wao ndio wanaoendesha.

Tukapita katikati ya vilima vya mchanga mweupe, vimeota majani membamba makali. Kila hatua chache kulikuwa na kibao: usitoke njiani. Mimi nikashusha mguu mmoja pembeni, ninyooshe goti. Njia nzima ikajikunja, ikaja kujilaza chini ya mguu wangu.

"Imeandikwa usitoke njiani," ikasema kwa uchovu. "Sasa mimi nifanyeje?"

Nikaiomba radhi. Nilipoinua macho, tulikuwa ufukweni, na baiskeli imekwenda zake.

Nikakaa juu ya mchanga, nikafunua kapu nile. Hapa ndipo nilipokosea, ingawa kwetu lisingehesabiwa kosa. Kwetu mtu akikupitia unakula, unamkaribisha. Hata kama chakula ni cha mtoto mchanga, hata kama hamsemezani. Naye hujibu ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linamsokota, kisha kila mtu anaendelea na yake. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na saba, na somo la kwanza kwangu lilikuwa adabu. Kwa hiyo alipopita kitwitwi, ndege mdogo wa miguu kama njiti, anadonoa mchanga mbele yangu, sikufikiri mara mbili. Nikamwambia karibu.

Akasimama. "Ahsante," akasema. "Saa ngapi?"

Nikajua nimekutana na mtu asiyefunzwa na mamaye. Nikamwambia sasa hivi, au baadaye, au siku yoyote. Akatoa kidaftari chini ya bawa, akakipekua mbele na nyuma.

"Siku yoyote haimo," akasema. "Kuna Jumatatu, kuna Jumanne. Siku yoyote sijawahi kuiona."

Nyuma yake wenzake wameshasikia. Ufukwe wote unainuka, kumbe nilichodhani ni mchanga ni migongo ya ndege. Elfu arobaini hivi. Kila mmoja anatoa daftari, na kurasa zinavuma kama mvua juu ya bati. Natazama kapu langu. Nina vitumbua vitano.

Ndipo akaja domomwiko, ndege mweupe mrefu ambaye Mungu kamwekea mwiko mahali pa mdomo. Alijitambulisha kuwa ofisa wa Idara ya Makaribisho. Hakunikemea hata kidogo. Alikuwa mpole, upole wa daktari aliyekwisha kusoma majibu, na mimi upole wa namna hiyo huwa unanitia hofu kuliko matusi. Akanifungulia mlango uliokuwa ubavuni mwa kilima.

Ndani yake ni jikoni kwa mama yangu, mtaani Ngamiani, mafiga yale yale na moshi ule ule, ila kuta zimejaa mafaili mpaka darini. Domomwiko ananikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Anakoroga kahawa kwa mdomo wake, anafungua bati la biskuti, ananipa moja, analifunga. Nasema ahsante, nimeshiba. Anaichukua biskuti, anairudisha ndani ya bati. Nilikuwa nimeitamani sana.

Akanieleza mambo ya kisiwa, na niliyaelewa vizuri kuliko ninavyoelewa mengi nikiwa macho. Kila karibu inayosemwa duniani bila kukusudiwa hugeuka chembe ya mchanga. Upepo huzikusanya, huzileta pale, ndiyo maana vilima haviishi. Alisema kwa heshima kubwa kwamba mwambao wetu wa Waswahili unaongoza. Bila sisi kisiwa kingeshamezwa na bahari zamani, na Idara ilikuwa na mpango wa kutuandikia barua ya shukrani.

Mimi nikavimba kichwa kidogo. Nikauliza kama katika vilima vile kuna mchango wangu.

"Hiki tulichomo ni chako," akasema. "Lakini si cha watu wengi. Ni cha mtu mmoja."

Akanitoa nje, akanionyesha kibao kilichokuwa kileleni. Kiliandikwa MBARUKU.

Sikutaka afungue faili, akalifungua. Alisoma polepole, bila kuongeza chumvi. Miaka sita iliyopita Mbaruku alimaliza arobaini ya mkewe, akafunga nyumba yake, akaja kukaa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na mama hayupo. Hakusema atakaa muda gani. Siku ya tatu, majirani wamekaa barazani wamekuja kumpa pole, mimi nikaingia ndani, nikatoka na jembe, nikamkabidhi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; wamesema wahenga, si mimi. Nilikuwa natania. Nilitaka acheke walau mara moja tangu msiba. Wakacheka majirani. Mbaruku akapokea jembe kwa mikono miwili, akalima ua wote mpaka mpakani kwa jirani, akaliosha, akaliegemeza ukutani, akachukua mfuko wake. Nikamwambia karibu tena.

"Na tangu hapo," akasoma domomwiko, "umesema karibu siku yoyote mara mia nne na kumi na mbili. Bahati mbaya hii siku yoyote haijafika."

Nikamwambia kwamba Mbaruku naye alikuwa na miguu, angeweza kuja. Domomwiko akaandika maneno hayo pembeni ya faili, na papo hapo kilima kikaongezeka shubiri moja.

Kisha akanikabidhi jembe. Nikamwambia nimefika leo hii hii, na desturi ni siku ya tatu.

"Siku ya kwanza ilikuwa kivukoni," akasema. "Ya pili ilikuwa ile biskuti."

Kazi ni kupanda majani juu ya kilima cha Mbaruku ili kisipeperuke. Nauliza nitafanya mpaka lini. Ananijibu mpaka Mbaruku atakapofika kwangu, yaani kwa hesabu za Idara hakuna mwisho, kwa sababu mtu ambaye hajaitwa hafiki. Nachimba, napanda, mchanga unafukia. Nachimba tena. Chini wamesimama ndege na vikombe vyao vya kahawa, wananitazama. Mmoja anamnong'oneza mwenzake neno, nao wanacheka kidogo, kicheko cha adabu tu, cha watu waliokuja kwa wema.

Hapo ndipo moyo uliponichoma. Kazi haikuwa kitu. Mbaruku hajawahi kuogopa jembe. Kilichouma ni kile kicheko, na kwamba nisingeweza kumkasirikia yeyote kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya. Nilijisikia mdogo kama mtoto. Nikaona haya mbele ya mdogo wangu aliyekuwa mbali bahari na bara, nikalitupa jembe, nikateremka kumuomba domomwiko fomu ya kumwita mtu.

Alisita. Alinikumbusha kwamba nikijaza, kisiwa kitapungua. Lakini sheria ni sheria, na fomu ilikuwepo. Ilikuwa inapenda kujaziwa kwa wino mweusi, ikaniambia yenyewe. Kwenye jina nikaandika Mbaruku. Kwenye siku nikaandika Jumamosi. Kwenye saa nikaandika saa nne asubuhi, na domomwiko akatikisa mwiko wake.

"Saa kamili ni za watu wanaotaka kuonekana wameita," akasema.

Nikaongeza na robo.

Mstari wa mwisho uliuliza kwa nini. Nikaandika kwamba damu ni nzito kuliko maji. Fomu ikayatema maneno yangu mchangani. Nikaandika kwamba sikukuu inakaribia, na kwamba mwembe umezaa sana mwaka huu. Ikatema. Bahari ilikuwa inarudi kwa mbali, kwa dakika zake. Mwishowe nikaandika: "Nilimpa jembe naye amefiwa. Nilikosa. Aje nimwambie uso kwa uso." Fomu ikatulia.

Kitwitwi akasogea, akaichukua kwa mdomo. Nikamwambia ni mbali, asijisumbue.

"Napita huko kila mwaka," akasema. "Huwa nakaa Tanga kuanzia Septemba mpaka Aprili, ufukweni pale unapokwenda kununua samaki. Miaka tisa sasa. Hujawahi kunikaribisha."

Nikamnyooshea kitumbua kimoja, nikamwambia saa hii hii, tafadhali. Akakimega, akala mbele yangu. Wale wenzake elfu arobaini wakafunga madaftari yao kwa pamoja, wakaruka, na kutoka juu wakasema kwa sauti moja, kwa adabu isiyo na dosari: "Ahsante, bibi, tumeshiba."

Kilima kikaanza kuvuja chini ya miguu yangu. Mchanga ulikuwa unapanda juu badala ya kushuka, chembe kwa chembe, na kila chembe ilikuwa na sauti yangu mwenyewe ikisema karibu, karibu, karibu. Domomwiko alisimama pembeni anaandika hasara. Bahari ikafika, saa kumi na moja na dakika ishirini barabara, ikanishika kiunoni.

Nikaamka. Kumepambazuka, Jumamosi, jogoo wa jirani anawika amechelewa kama kawaida yake. Nikajiambia ni chakula cha usiku. Nikanyoosha mkono kwenye simu nione saa, nikakuta ujumbe wa Mbaruku, umeingia alfajiri.

"Dada, nimepata. Nakuja. Lakini hiyo robo ni ya nini?"

Nilikaa kitandani nikausoma mara tano. Nikapekua simu yote, labda nilimwandikia usingizini. Sikuwa nimemwandikia kitu tangu mfungo, na huko nyuma nilichoandika ni siku yoyote, siku yoyote, siku yoyote, ujumbe juu ya ujumbe. Nikainuka, nikafagia, nikabandika chai, nikakaanga vitumbua na vingi vikaungua kwa kuwa kila mara nilikwenda kutazama saa. Yale maneno niliyoyaandika kwenye fomu nikayasema kwa sauti jikoni, nione kama yanatoka. Yalitoka kwa shida.

Saa nne na dakika kumi na tatu nikasikia viatu uani, halafu vikanyamaza. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa Mbaruku, kichwa kimejaa mvi ambazo sikuwahi kuziona, amesimama hatua mbili kutoka kizingitini, anatazama saa ya mkononi. Hakupiga hodi. Nami sikufungua. Nilisimama upande wangu, mkono kwenye komeo, yeye upande wake, tukazisubiri zile dakika mbili ziishe.