Imla ya Mwalimu Methodi

Sifa kubwa ya Methodi katika kazi ya ukalimani ilikuwa kwamba hasikiki. Mteja akisema "mimi", Methodi naye alisema "mimi". Mteja akitukana, alitukana kwa Kiingereza bila kupepesa jicho. Miaka sita alikuwa ameketi hivyo katika ofisi za mawakili na zahanati za Parramatta, jijini Sydney, akibeba maneno ya watu wa Goma, wa Bujumbura na wa Kigoma, na jioni akipanda treni kurudi Granville kwa mkewe Leokadia, bila neno hata moja la mtu kubaki mdomoni mwake. Yeye mwenyewe alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwalimu kwa taaluma, mtu wa miaka hamsini na mitatu.

Jumanne hiyo ya mwezi wa nane aliitwa kwa mwanasaikolojia mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Moira. Mteja alikuwa kijana wa Kirundi, Nduwimana, aliyekuwa akiomba hifadhi kwa sababu kwao alifukuzwa na kutishiwa kuuawa. Alipenda wanaume. Wakili wake alihitaji ripoti, na Moira ndiye wa kuiandika.

Walianza vizuri. Jina, kuzaliwa, shule. Kisha Moira akauliza, kwa sauti ya chini na ya upole, ni lini Nduwimana alianza kutambua kwamba anavutiwa na wanaume. Swali jepesi. Methodi akamgeukia kijana na kusema:

"Ugonjwa huu ulikuanza lini?"

Hakujua alichosema mpaka alipouona uso wa Nduwimana. Ule uso uliokuwa umeanza kulegea ulijifunga, na mikono ikaondoka mezani ikaenda kujificha mapajani.

"Mzee," Nduwimana alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "hii neno umeitoa wapi?"

Sheria ya kazi ni kwamba kila kinachosemwa chumbani hutafsiriwa, hata kikielekezwa kwa mkalimani. Methodi akamgeukia Moira, na kwa kinywa chake mwenyewe akajiuliza kwa Kiingereza ametoa wapi neno hilo. Moira alimtazama.

"Mkalimani amekosea," akasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. "Mama ameuliza ulianza lini kutambua unavutiwa na wanaume. Hakusema ugonjwa. Neno hilo ni langu mimi. Naomba radhi."

Moira alimwambia Nduwimana ana haki ya kupata mkalimani mwingine, hata leo hii, kwa simu. Kijana akatikisa kichwa.

"Mwingine nitamwanzia tena yote," akasema. "Nimeshasema kwa polisi, nimesema kwa avoka, wakili wangu. Huyu abaki. Huyu kosa yake sasa ninaijua."

Wakaendelea. Methodi akasema kwa Kiingereza, kwa "mimi" ya Nduwimana: baba yangu alinipeleka kwa mjomba wangu muuguzi. Nilichomwa sindano wiki nane. Nililala mchana kutwa, nikasahau majina ya ndugu zangu. Nilikuwa namshukuru mjomba baada ya kila sindano, kwa sababu niliamini ananitibu.

Alipomaliza, Moira aliweka kalamu chini. Sasa Methodi akawa "mimi" ya Moira.

"Hukuwa mgonjwa," alimwambia Nduwimana kwa Kiswahili, na mara hii alichagua kila neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Taaluma yangu mimi ndiyo iliyoandika kwamba ni ugonjwa. Miaka mingi iliandika hivyo, na watu wakafungwa na wakachomwa umeme kwa sababu ya maandishi hayo, hapa Australia pia. Baadaye ikachunguza, ikaona imekosea, ikafuta. Lakini haikuwafuata wote waliokuwa wameshalipokea neno."

Nduwimana alilia bila sauti. Methodi alitazama ukutani, kwa kuwa ndivyo mkalimani anavyofundishwa kufanya.

Aliposhuka ngazi kwenda kituoni, alisikia kalamu. Kalamu nyingi, za wino wa bei rahisi, zikikwaruza karatasi kwa pamoja. Alisimama. Watu walimpita. Kalamu hazikunyamaza mpaka treni ilipoingia.

Alizijua. Mwaka 2008 alikuwa mkufunzi wa saikolojia katika chuo kimoja cha ualimu kule Kilimanjaro. Darasa lake lilikuwa na wanachuo arobaini na mmoja na kitabu kimoja, msaada wa wamisionari, kilichochapwa kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo alikuwa akisoma kwa sauti nao wakiandika. Sura ya kumi na moja iliitwa Maradhi ya Tabia. Humo, kati ya ulevi na kuiba kwa mazoea, ilikuwemo aya ya watu wanaopenda jinsia yao. Aliisoma polepole ili waipate vizuri. "Nukta. Aya mpya."

Mwanachuo mmoja aliyeitwa Elieshi, kijana mpole aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ugonjwa huo una dawa?"

Wenzake walicheka. Methodi aliwanyamazisha, kwa kuwa swali lilikuwa la kisomi, na akajibu kisomi. "Upo uponyaji," alisema, "mgonjwa akiwahiwa." Elieshi akaandika na jibu hilo.

Muhula uliofuata Elieshi hakurudi. Ilisemekana alikwenda mwenyewe kwa baba yake, na daftari mkononi, akamwonyesha. Baba alikuwa mtu aliyeheshimu kilichoandikwa. Alimpeleka mahali, ambapo hakuna aliyepataja kwa jina, na Elieshi akakaa huko miezi saba.

Methodi alikutana naye mara moja tu baada ya hapo, dukani mjini Moshi, Methodi akinunua misumari. Mtu mnene, mwenye mikono inayotetemeka, alimsogelea kwa hatua fupi fupi. Mate yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo naye hakuyafuta.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Nimepona."

Methodi alimpa pole, akamwambia ajitahidi, akalipia misumari, akaondoka. Hakuwahi kumsimulia mtu.

Sasa, Sydney, Elieshi alianza kumjia. Hakuja kama mzuka wa hadithi. Alikuja kama mtu unayemwona kwa pembe ya jicho: amesimama mbele ya duka la samaki Granville, ameketi kiti cha mbele kanisani, nguo kiunoni hazikukaa sawa, mdomo wazi kidogo. Methodi akigeuka, ni Mlebanoni anayesubiri chenji, au ni mzee wa Kitonga anayesali. Kalamu nazo zilikuja kwa wakati wake, hata katikati ya mahubiri. Alikataa kazi mbili. Ya tatu aliikubali, na mara tatu alimwomba mteja arudie, kwa kuwa hakusikia kwa ajili ya kukwaruza kule.

Jumapili, wakati wa kumenya ndizi, Leokadia aliweka kisu chini.

"Baba Koku, unaumwa?"

Ya Nduwimana hakuruhusiwa kuyasema, wala hakuyasema. Alisimulia ya Elieshi. Leokadia alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mtu wa kanisa, na mambo haya hakuyapenda kuyasikia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulisoma kilichoandikwa," alisema. "Ungefanyaje? Kitabu kilikuwa kimoja."

"Vilikuwa viwili."

Ndilo ambalo hakuwahi kulikiri hata kwake mwenyewe. Mwaka huohuo mgeni mmoja aliacha kitabu kipya maktaba. Methodi alikipitia harakaharaka na kuona aya ile haimo. Alidhani wachapaji wameiruka. Siku nyingine alidhani Wazungu wameanza kuona haya kusema ukweli. Hakukaa akasoma kwa nini haimo. Angesoma, angekuta kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeufuta ugonjwa huo kwenye orodha yake tangu 1990, na kwamba wataalamu wa Marekani walitangulia miaka mingi kabla. Lakini maswali ya mtihani yalitoka kitabu cha zamani, naye alikizoea.

Leokadia alichukua kisu akamaliza kumenya ndizi moja. "Mimi bado sijui niseme nini kuhusu watu hao," alisema mwishowe. "Lakini mtoto wa watu alikuuliza dawa, Methodi. Mpigie."

Namba ilipatikana kwa dada yake Elieshi, Abigail, ambaye alikuwa akimtunza. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kule ikiwa asubuhi saa tano, Methodi alipiga. Abigail alimkabidhi kaka yake simu bila maneno mengi.

"Shikamoo, mwalimu."

Salamu ile ilimkata. "Marahaba, Elieshi. Nakupigia kukuambia jambo. Ile niliyowasomesha, sura ya kumi na moja. Haikuwa kweli. Haukuwa ugonjwa. Walikuwa wameshaufuta."

Kuku walikuwa wakilia kule kwa Elieshi.

"Walifuta mwaka gani?"

"Tisini."

"Sisi tulikuwa darasani mwaka 2008."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku niliyokuuliza, ulikuwa umeshafutwa miaka kumi na minane." Alizungumza polepole, kila neno likichelewa kutoka, lakini hesabu yake ilikuwa safi. "Ulikuwa unajua, mwalimu?"

Methodi angeweza kusema hapana. Leokadia alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Nilikiona kitabu kipya. Sikutaka kukisoma."

Elieshi alivuta pumzi. Methodi alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Mimi habari hiyo siwezi kuifanyia kitu tena," Elieshi alisema. "Dawa walizonipa zimekaa mwilini. Nalala mchana. Kuna mtu nilimpenda, jina lake nimelisahau, mwalimu. Nalitafuta kila siku." Kisha akaongeza: "Tuliandika watu arobaini na mmoja. Wenzangu wanafundisha. Waambie wao. Shemeji anakuja, nakata."

Simu ikakatika.

Wale wanachuo walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na Methodi alikuwemo kama mzee wa heshima. Walimtakia Pasaka njema na kumtumia picha za watoto wao. Wengi walikuwa walimu, wawili wakuu wa shule. Aliandika ujumbe mrefu akaufuta. Aliandika mwingine wenye vitabu na majina ya wataalamu, akaufuta nao. Mwishowe alituma mistari michache: kwamba aya aliyowasomea katika sura ya kumi na moja ilikuwa ya uongo tangu siku aliyoisoma, kwamba saikolojia yenyewe ilishaikana, kwamba yeye alikuwa na njia ya kujua na hakujua kwa uvivu, na kwamba anawaomba waifute kwenye daftari na wasimfundishe mtu yeyote aya hiyo tena. Jina la Elieshi hakulitaja.

Baada ya dakika tano mmoja akaandika, "Mwalimu, huko wamekulisha nini?" Mwingine akaweka aya ya Biblia. Mwingine akauliza kama simu ya mwalimu imeibiwa. Tisa walijitoa. Mmoja wa wakuu wa shule, ambaye Methodi ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza kazini, alimtoa katika kundi, na mlango ukafungwa.

Siku nne baadaye, akiwa kituoni Parramatta, ujumbe uliingia kutoka kwa Rispah, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akifundisha Tarime. Alikuwa hajaandika lolote kundini.

"Mwalimu, nina mwanafunzi, binti wa kidato cha tatu. Ameniambia mimi peke yangu, kisha mama yake akagundua. Wanataka kumpeleka mahali akaombewe na kupewa dawa. Mimi ndiye mwalimu wa malezi, wananisikiliza. Nilikuwa nimeshawaandikia barua ya kukubali. Niliandika kutoka kwenye daftari lako. Sijaitoa. Niwaambie nini?"

Methodi aliiacha treni ya kwanza ikapita, na ya pili. Alikaa kwenye benchi akaandika, na Rispah akajibu, akaandika tena. Rispah alitaka maneno ambayo baba mfuga ng'ombe atayaelewa na hayatamwingiza binti kwenye hatari kubwa zaidi. Walikataa mengi. Mwishowe walibaki na sentensi moja: kwamba mwalimu aliyefundisha kuwa ni ugonjwa amekiri alikosea, na kwamba dawa ya mtu asiyeumwa humharibu.

Wiki ikapita. Methodi hakulala vizuri wala hakuuliza. Alhamisi Rispah alipiga mwenyewe.

"Mama amegoma kuongea na mimi," alisema. "Baba amesikiliza. Hajakubali, mwalimu, nisikudanganye. Amesema atangoja hadi shule ifungwe, ndipo aamue."

"Mnafunga lini?"

"Wiki tisa."

"Na yeye binti?"

"Yuko darasani," Rispah alisema. "Namwona kutoka hapa nilipo. Anaandika."